Tumbo Lisilotulia: Tiba za Nyumbani Zinazosaidia na Zile za Kuepuka

Keti, na kama kuna kalamu na daftari karibu, vichukue, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Leo tunazungumzia tumbo. Si lile tumbo la kuhara siku mbili likapona. Ni tumbo linalosokota leo, likatulia kesho, kisha likarudi wiki ijayo. Linajaa gesi mpaka leso haifungiki kiunoni. Wiki hii unakimbilia choo mara tatu kabla ya kumaliza kuandaa watoto waende shule. Wiki ijayo unakaa siku tatu bila kwenda haja. Umepimwa amiba, umepimwa taifodi, umemeza dawa ya minyoo, jirani amekwambia ni alsa, lakini tumbo ni lile lile.

Je, mama, hali hii unaifahamu? Basi sikiliza kwa makini.

Ugonjwa huu ni upi?

Madaktari huuita kwa herufi tatu, IBS. Kwa Kiswahili chepesi tuseme ni utumbo mwepesi wa kusumbuka. Utumbo wenyewe hauna kidonda, hauna uvimbe, wala hauna mdudu. Ukitazamwa kwa mashine huonekana mzima. Shida iko katika namna unavyofanya kazi.

Utumbo ni mrija mrefu wenye misuli, na misuli hiyo husukuma chakula polepole kutoka juu kwenda chini. Misuli nayo huongozwa na mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo. Kwa mtu mwenye IBS, mawasiliano hayo hayaendi sawa. Utumbo ukisukuma haraka kupita kiasi, unahara. Ukisukuma polepole mno, choo kinakuwa kigumu. Na mishipa yake huwa myepesi kuhisi, kiasi kwamba gesi kidogo ambayo mwingine hata haitambui, kwako wewe ni maumivu makali.

Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba unajifanya. Maumivu ni ya kweli.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi huona tumbo likizidi karibu na siku za hedhi. Wakati mwingine huanza baada ya ugonjwa mkali wa kuhara: katika kila watu 10 waliopata maambukizi ya tumbo, karibu mmoja hubaki na tatizo hili hata baada ya vijidudu kuisha. Wasiwasi na mawazo mengi huuzidisha, ingawa si lazima viwe ndivyo vilivyouanzisha.

Utautambuaje?

Wataalamu wa magonjwa ya tumbo walikubaliana mwaka 2016 juu ya dalili za kutazama. Ni maumivu ya tumbo yanayokuja angalau siku moja kila wiki, kwa muda wa miezi 3 iliyopita, na yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma. Maumivu hayo huambatana na mambo mawili au zaidi kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja, yaani yanapungua au yanazidi ukienda, idadi ya safari za chooni imebadilika, na choo chenyewe kimebadilika, kikawa laini mno au kigumu kama kinyesi cha mbuzi.

Kwanza hakikisha si kitu kingine

Mama, hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Kabla hujaanza tiba yoyote ya nyumbani, ni lazima mhudumu wa afya aangalie kama hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nenda kituo cha afya bila kukawia ukiona mojawapo ya haya:

- Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami.
- Kukonda bila sababu.
- Homa, au kutokwa na jasho jingi usiku.
- Kuhara kunakokuamsha usingizini.
- Kuishiwa damu, yaani kuchoka, kizunguzungu na viganja vyeupe.
- Kutapika mara kwa mara, au uvimbe unaoushika kwa mkono.
- Tumbo lililoanza kukusumbua ukiwa na miaka 50 au zaidi.
- Mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo au ya mfuko wa mayai ya uzazi.

Dalili hizo zinaweza kuwa za kifua kikuu cha tumbo, saratani, au kichocho cha tumbo, hasa kwa wale wanaoishi karibu na Ziwa Victoria au wanaofanya kazi katika mashamba ya mpunga kama ya Mwea. Na wewe mama uliyepita miaka 50, tumbo likikaa limejaa kila siku na ukishiba upesi, usiseme ni gesi tu. Omba upimwe mfuko wa mayai.

Kuna hatari nyingine upande wa pili. Wengi wetu tumbo likiuma tunapita dukani kwa dawa na kununua ya amiba. Mwezi ujao tunanunua ya taifodi. Kipimo cha damu cha Widal, kinachotumika sana, kinaweza kusema una taifodi na kumbe huna. Dawa za kuua vijidudu zikimezwa ovyo huvuruga vijidudu vyema vinavyoishi tumboni, na siku utakapougua kweli huenda zisikusaidie. Hesabu pia pesa: dozi tano kwa mwaka za ugonjwa usiokuwa nao ni karo ya mtoto imeenda.

Daftari ni dawa ya kwanza

Ukishapimwa na kuambiwa hakuna ugonjwa mwingine, anza na daftari. Kwa wiki mbili, andika ulichokula, saa uliyokula, jinsi tumbo lilivyokuwa, choo kilivyokuwa, na kama siku hiyo ulikuwa na wasiwasi au ulikuwa katika hedhi. Baada ya wiki mbili soma. Utashangaa. Mmoja ataona tumbo linajaa kila siku ya chapati na maharagwe. Mwingine ataona ni chai ya maziwa ya asubuhi. Mwingine ataona chakula hakina neno. Shida ni siku za kulipa kodi ya nyumba.

Matumbo hayafanani, kwa hivyo usiache chakula kwa sababu jirani amekiacha.

Vyakula vinavyochachua tumbo

Kuna aina za sukari ndani ya vyakula ambazo utumbo mwembamba haziwezi kuzifyonza vizuri. Zikifika katika utumbo mpana, vijidudu huzichachua, na kuchachua huko huleta gesi. Pia sukari hizo huvuta maji, na choo kikawa laini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia ndio waliotengeneza utaratibu wa kupunguza vyakula hivyo, na umewasaidia wengi. Wacha tuuangalie kwa sufuria zetu wenyewe.

Maharagwe. Sisemi uyaache, maana katika nyumba nyingi ndiyo nyama yetu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, osha, kisha chemsha kwa maji mapya. Sehemu ya zile sukari huondoka na maji uliyomwaga. Kwenye githeri, zidisha mahindi na upunguze maharagwe katika sahani yako.

Vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni miongoni mwa vyakula vinavyosumbua zaidi. Lakini iko njia. Sukari yake huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hivyo kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, viache vitoe harufu, kisha vitoe kabla hujatia nyanya. Au tumia yale majani mabichi ya kitunguu badala ya kichwa chake. Mchuzi utabaki na ladha.

Ngano. Chapati, mandazi na mkate vikikusumbua, jaribu ugali, wali, viazi, au uji wa wimbi au mtama. Hivyo kwa wengi havina matata.

Maziwa. Watu wazima wengi katika Afrika hupungukiwa na kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Jaribu kuacha maziwa freshi wiki mbili uone. Yakiwa ndiyo sababu, huenda maziwa lala yakakufaa, kwa kuwa katika kuganda sukari yake hupungua.

Matunda na mboga. Embe, tikiti maji, tufaha na parachichi huweza kujaza gesi. Chungwa, nanasi na papai ni afadhali. Usile matunda mengi kwa mkupuo mmoja. Kabeji kula kidogo. Sukuma wiki kwa wengi haina shida.

Sasa sikiliza vizuri. Vyakula hivi si vya kuacha maisha yako yote. Vipunguze kwa wiki 4 hadi 6, kisha urudishe kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu, ukianza na kidogo. Kile kisichokudhuru, endelea nacho. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na yeyote mwenye uzito mdogo asifanye hivi bila kuongozwa na mtaalamu wa lishe. Na usimbadilishie mtoto chakula kwa sababu ya tumbo lako wewe.

Tiba za nyumbani zinazosaidia

Maji na nyuzinyuzi. Kunywa vikombe vinane hivi vya vinywaji kwa siku, na vingi viwe maji. Chai ya majani na kahawa visizidi vikombe vitatu. Soda punguza. Kwa anayefunga choo, nyuzinyuzi laini husaidia: uji wa oti, au maganda ya ispagula, ambayo katika maduka ya viungo vya Kihindi huitwa isabgol. Anza na kijiko kimoja cha chai ndani ya glasi nzima ya maji, koroga, unywe mara moja, kisha shushia na glasi nyingine. Usiyale makavu, yanaweza kukukaba koo. Ongeza polepole kwa muda wa wiki kadhaa; haba na haba hujaza kibaba. Pumba za ngano ziache, kwa wengi huzidisha maumivu.

Mnanaa. Mafuta ya mnanaa yaliyo ndani ya vidonge maalumu vinavyoyeyukia kwenye utumbo yamechunguzwa na kuonekana hupunguza maumivu, kwa sababu hulegeza misuli ya utumbo. Vidonge hivyo humezwa vizima kabla ya chakula, bila kutafunwa. Chai ya majani ya mnanaa haijachunguzwa sana, lakini kikombe cha moto baada ya kula hakina ubaya, na wengi huwatuliza. Ikiwa una kiungulia, mnanaa unaweza kukizidisha. Ukiwa mjamzito, uliza kwanza. Na mafuta ya mnanaa usimpake wala kumpa mtoto mchanga. Yanaweza kumzuia kupumua.

Tangawizi. Husaidia kichefuchefu. Kwa IBS yenyewe ushahidi ni mdogo, kwa hivyo itumie kama kiungo na chai, usiitegemee kama dawa.

Joto. Chupa yenye maji ya moto, iliyofungwa kitambaa na kuwekwa tumboni kwa dakika 15, hutuliza msokoto. Hakikisha kifuniko kimekaza, na watoto wasiwe karibu.

Saa za kula na saa za choo. Kula kwa saa zako, tafuna pole pole, usikae na njaa kutwa kisha ule mlima wa chakula usiku. Utumbo huamka baada ya chakula, hasa cha asubuhi. Huo ndio wakati mzuri wa kwenda choo. Najua kina mama wengi wa sokoni hujizuia kutwa kwa sababu choo cha karibu ni kichafu au ni cha kulipia. Lakini kujizuia kila siku hukausha choo. Kama choo chako ni cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yainuke, njia ifunguke.

Mwendo na pumzi. Tembea angalau nusu saa siku nyingi za wiki. Na kabla ya kulala, lala chali, weka mkono juu ya kitovu, vuta pumzi polepole mpaka mkono uinuke, kisha iachie polepole zaidi. Fanya hivyo kwa dakika 10. Usilidharau jambo hili. Tumesema utumbo na ubongo huzungumza. Ukituliza kimoja, unatuliza na kingine. Na kama moyo umelemewa, zungumza na mtu unayemwamini au mshauri katika kituo cha afya.

Zile za kuepuka

Shubiri, ambayo wengi huiita alovera. Maji yake machungu ya njano huchochea utumbo na kuleta msokoto na kuhara. Mwongozo wa afya uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka 2008 uliwataka wahudumu wawashauri wagonjwa wa IBS wasiitumie. Mjamzito ndiye asiiguse kabisa.

Dawa za kuosha tumbo, ziwe za chupa, za unga au za kupigwa bomba. Utumbo hauhitaji kuoshwa. Ukizoea kuharishwa, unapoteza maji na chumvi za mwili, na moyo na figo huumia.

Muarobaini mchungu wa kila siku. Uchungu peke yake si tiba. Mafuta ya muarobaini yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na hata vifo.

Dawa isiyo na jina. Muuzaji akikwambia dawa yake inatibu alsa, amiba, presha na kisukari kwa chupa moja, weka pesa zako kwenye leso uende nyumbani.

Na watoto je?

Mama, chukua hili hata kama utasahau mengine. Mtoto mdogo akihara, usiseme ameridhi tumbo lako. Kwa mtoto, kuhara ni kupoteza maji, na maji yakiisha mwilini mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi. Mpe ORS, ukichanganya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kama hajafika miezi 6, miligramu 20 kama amepita hapo. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usimpe chai za mitishamba, wala usimpige bomba.

Mkimbize hospitali ukiona macho yameingia ndani, hawezi kunywa au kunyonya, analegea au halishiki fahamu, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo.

Mtoto mkubwa wa shule anaweza kulalamika tumbo mara kwa mara na vipimo visionyeshe kitu. Usimchape kwa kudhani anakwepa shule. Mpeleke apimwe, mpe dawa ya minyoo kama unavyoshauriwa na kituo chako, kisha muulize kwa upole kuna nini huko darasani. Wakati mwingine tumbo la mtoto husema yale ambayo mdomo umeogopa kuyasema.

Kwa kumalizia

Mpenzi msikilizaji, IBS haigeuki kuwa saratani, wala haiui. Lakini huja na kwenda, na inaweza kukuibia raha ya kusafiri, ya kukaa kanisani au msikitini, hata ya kula na wenzako. Habari njema ni kwamba mengi ya kuituliza yako jikoni mwako na katika ratiba ya siku yako.

Turudie kwa ufupi. Pimwa kwanza. Weka daftari. Loweka maharagwe na umwage maji. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukipe wiki kadhaa. Acha dawa za kuharisha na dawa za kubahatisha. Na kama umejaribu kwa miezi miwili bila nafuu, au ukiona moja ya zile dalili za hatari, rudi kituo cha afya na daftari lako mkononi. Mfungulie mhudumu umwonyeshe. Usione haya kuzungumzia choo, yeye husikia habari hizo kila siku, na hilo daftari litamsaidia kuliko kumwambia tu, "daktari, tumbo linaniuma."

Mwambie na jirani yako aliyoyakosa.